"Eti" na "Kumbe": Maoni ya Mtazamaji wa Filamu katika Kiswahili, tangu Vugiri hadi Kibanda Umiza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maoni ya mtazamaji wa kawaida kuhusu filamu na tamthilia za televisheni katika Afrika Mashariki, kuanzia jaribio la Vugiri la 1935 hadi 1937 mpaka masimulizi ya madijei wa vibanda vya video. Hoja yake ni kwamba uhakiki wa filamu kwa Kiswahili upo na una msamiati na sarufi yake, ila umehifadhiwa mahali ambapo sera zetu hazikutazamia kuukuta: katika kanda na diski zisizo halali.

Swali na aliyeliuliza

Mtu akitoka kutazama filamu husema neno. Huenda likawa moja tu, "kali" au "uongo mtupu". Huenda akaikalisha nyumba nzima na kuihadithia picha tangu mwanzo hadi steringi alipomtia adui mikononi. Maneno hayo husemwa kwa starehe, hayaandikwi, na baada ya siku mbili yamesahauliwa. Kwa mtafiti wa lugha hii ni hasara ya namna yake, kwa kuwa hukumu nyingine za kisanaa katika Kiswahili zimeacha alama: majibizano ya washairi yamo magazetini, uhakiki wa riwaya umo vitabuni, na vijembe vya taarabu vimo katika nyimbo zenyewe. Ya filamu yamo wapi?

Si kwamba mtazamaji wa Afrika Mashariki hakuulizwa. Aliulizwa mapema sana, lakini na watu waliokuwa na jibu lao tayari. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza jaribio la filamu za elimu kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, chini ya mwavuli wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Hadi jaribio lilipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35. Zilihusu kodi, benki ya akiba ya posta, ugonjwa wa safura, chai. Moja ilikuwa ngano ya sungura na chui. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, ili picha ileile iambatane na maelezo ya Kiswahili mahali pamoja na ya lugha nyingine mahali pengine. Mitambo ilipakiwa kwenye lori, ikazungushwa Tanganyika, Kenya na Uganda, ikafika hata Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka huohuo wa 1937, inafaa kusomwa na kila anayeshughulikia sera ya lugha, maana inaonyesha wataalamu wakihangaika na swali ambalo hata leo hatujalimaliza: maelezo yasemwe kwa lugha ipi, na msemaji awe nani? Ninachokikosa humo ni sauti ya waliokaa chini wakatazama. Tunaambiwa kama walicheka, kama walielewa, kama walipendezwa. Walichokisema kwa maneno yao, na kwa sarufi yao, hakikuhesabiwa kuwa data.

Kuku na mbu

Pengo hilo lilijazwa na visa. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilipoundwa mwaka 1939, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, alikijengea kanuni zake: picha iende polepole, isikate ghafla kutoka mahali hadi mahali, isiwe na hila za kamera, kwa sababu Mwafrika asingeweza kuifuata. Ushahidi ulikuwa visa vilivyorudiwa mara nyingi kuliko vilivyochunguzwa. Kimoja ni cha mbu: watazamaji walionyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kwenye kitambaa chote, wakasema kwao malaria haina shida kwa kuwa mbu wa kwao ni wadogo. Kingine ni cha kuku: wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku, ambaye watengenezaji wenyewe hawakukumbuka kuwa alikatiza kwenye picha. Marshall McLuhan alikitia kisa cha kuku katika kitabu chake cha 1962, na kutoka hapo kikazunguka dunia. Mwanahistoria James Burns ameonyesha jinsi visa vya namna hii vilivyopokezanwa kutoka koloni moja hadi jingine.

Ningependa kuvisoma kama mtu wa isimu. Mtu mzima anayeishi na mbu kila usiku anaposema "mbu wetu ni wadogo", kauli yake yaweza kuwa ya mjinga, na yaweza kuwa ya mtani. Kiimbo ndicho kingetuambia, na kiimbo hakikuandikwa. Vivyo hivyo kwa kuku. Swali "mmeona nini?" haliulizi filamu ilitaka kufundisha nini. Mtu anayejua kuondoa maji machafu nyumbani kwake, akiulizwa ameona nini, kwa nini asimtaje kiumbe pekee kwenye ile picha aliyefanya jambo bila kuelekezwa? Naona huo ndio uhakiki wa kwanza wa filamu ulionukuliwa kutoka bara letu, nao ulipokelewa kama dalili ya upungufu wa macho.

Kanuni za Sellers ziliacha jambo moja lenye uhai. Magari ya sinema yaliyozunguka vijijini yalibeba mkalimani mwenye kipaza sauti. Yeye alisimama kati ya picha na watu, akaeleza kwa lugha yao kinachotokea. Alipaswa kusoma maelezo aliyopewa. Lakini mtu aliyepewa kipaza sauti usiku, mbele ya kijiji kizima, haishii kusoma. Historia ya mkalimani huyu katika Afrika Mashariki bado haijaandikwa inavyostahili. Wakati huohuo filamu za kuigiza zilianza kusemwa kwa Kiswahili chenyewe: katika Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, mhusika mkuu aliigizwa na Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Jumba la sinema

Mijini mambo yalikwenda vingine. Katika kumbi za Majestic, Sultana na Empire za Unguja, na zile za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, mtazamaji hakuletewa filamu na lori la serikali. Alilipa kiingilio kwa hiari yake. Anayelipa ana haki ya kulalamika. Utafiti wa Laura Fair, uliotoka kama kitabu mwaka 2018, ndio kazi kubwa zaidi tuliyo nayo kuhusu watazamaji wa Tanzania, na thamani yake iko katika kumbukumbu za watu walioulizwa uzeeni kuhusu filamu walizozitazama ujanani. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, inatajwa na wazee kwa namna ambayo wengine hutaja harusi zao. Walikuwapo waliokwenda kuitazama mara kadhaa, na wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao.

Wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi. Waliifuata hadithi kwa macho, kwa nyimbo, na kwa jirani wa kiti cha pili aliyewahi kuiona. Nyimbo zilitoka ukumbini zikaingia katika taarabu zikiwa na maneno mapya ya Kiswahili, na huko nako kulikuwa na hukumu: tuni iliyoazimwa ndiyo iliyopendwa, iliyoachwa haikupendwa. Kwa hiyo hapa pana kumbukumbu ya maoni ya watazamaji, japo haijitambulishi kwa jina hilo. Mtafiti wa taarabu anayeorodhesha tuni zilizotoka India anaorodhesha pia, bila kukusudia, filamu zilizoshinda.

Kumbi hizo zilidhoofika video ilipoingia. Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, ikiwa ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya binafsi vilipofungua njia. Katika pengo hilo mkanda wa video ulitawala.

Kibanda

Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda tuna sababu ya kulitazama neno kibanda kwa jicho la pekee. Katika Kiganda, kumbi ndogo za video huitwa bibanda, na kila mkazi wa Kampala anajua maana yake. Wasimulizi wa humo, wanaoitwa mavijei, hufanya kazi kwa Kiganda. VJ Jingo ni maarufu kuliko waigizaji wengi anaowasimulia, na Wakaliwood ilipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Jengo lilipata jina linalofanana kabisa na la Kiswahili, lakini sauti haikuwa ya Kiswahili. Sababu inajulikana: kwa kizazi kizima cha Waganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari aliyesimamisha gari barabarani. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi wangu kadhaa, hata hivyo, husema kwamba Kiswahili cha kwanza walichokisikiliza kwa hiari kilikuwa cha filamu za Bongo. Naomba washauri wa sera waliweke neno "kwa hiari" akilini.

Rwanda, filamu iliyosimuliwa kwa Kinyarwanda huitwa agasobanuye, yaani iliyofafanuliwa. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani. Matthias Krings amemwandikia kurasa muhimu katika kitabu chake cha 2015. Kenya, DJ Afro ameifanya kazi hiyo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na sauti yake imesikika ndani ya matatu na kwenye vibanda vya mitaani. Watanzania waliviita vyumba hivyo vibanda umiza. Jina hilo lenyewe ni hukumu: mabenchi yanaumiza, joto linaumiza, na bado watu wanajaa.

Msimulizi wa kibandani hutofautiana na mfasiri kwa jambo la msingi. Mfasiri hubeba maneno ya mhusika. Msimulizi huacha nusu ya maneno hayo, akajaza nafasi kwa anachokijua yeye: humpa adui jina la kienyeji, huhamishia ugomvi katika mtaa unaojulikana, hueleza kwa nini mtu huyu atakufa kabla hajafa. Na muhimu zaidi kwa hoja yangu, husema kama filamu inamridhisha.

Sarufi ya hukumu

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo lugha yetu inapoonyesha utajiri ambao vitabu vya sarufi huupitia haraka. Sikiliza masimulizi ya kibandani, au mazungumzo ya vijana waliotoka kutazama, ukihesabu viunganishi na vihisishi. Maneno mawili yanabeba mzigo mkubwa: kumbe na eti.

"Kumbe yule mzee ndiye baba yake!" Kumbe hukiri kwamba msemaji alijua jambo moja, na sasa amejua jingine. Ni neno la mtu aliyekubali kuongozwa na hadithi. Filamu inayozaa kumbe imemshika mtazamaji: ilimficha jambo kwa haki, ikalifunua kwa wakati wake. Ukimsikia msimulizi akisema kumbe kwa sauti ya kushuka, ujue ameshaiona filamu hiyo mara nyingi na anaigiza mshangao kwa ajili yako. Ukisikia sauti ikipanda, huenda anaiona pamoja nawe.

"Eti amepigwa risasi sita, bado anakimbia!" Eti huweka umbali. Msemaji hunukuu dai la mwingine bila kulidhamini. Katika masengenyo eti humhusu jirani. Mbele ya filamu humhusu mtengenezaji. Neno moja lenye silabi mbili linafanya kazi ambayo mhakiki wa gazeti angeihitajia aya: linasema kwamba filamu imedai jambo, kwamba dai hilo halijajengewa msingi, na kwamba mtazamaji hakudanganyika. Filamu mbaya ni filamu ya eti nyingi. Tena eti si ya filamu mbaya pekee. Wapenzi wa picha la Kihindi huisema huku wakifurahi, kwa sababu wamekubaliana na mtengenezaji kwamba steringi hafi, na eti yao ni ya utani wa watu wanaojuana.

Kati ya nguzo hizo mbili kuna vifaa vingine: ka- ya mfululizo inayoharakisha pigano, "ndiyo maana" inayounganisha chanzo na tokeo pale ambapo filamu yenyewe imesahau kuviunganisha, na "sasa" inayofungua tukio jipya. Ni mfumo. Haukutungwa na kamati yoyote, na kamati zinazounda istilahi za filamu kwa Kiswahili zingefanya vyema kuanza na steringi, adui, mkanda na picha kabla ya kutafuta maneno mapya kamusini.

Umejifunza nini?

Lipo swali jingine linalotawala maoni ya filamu katika Kiswahili, nalo silipendi. Ni "ina mafunzo gani?" Mtazamaji akiulizwa hadharani anapenda filamu ipi, hutaja funzo, mwigizaji akihojiwa, hutaja funzo, bodi za ukaguzi hutaja maadili. Husemwa kwamba huo ni urithi wa ngano za bibi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini swali hilo lina babu wa pili, ambaye ni lile lori la Vugiri na gari la sinema lililokuja na somo la safura. Na lina mlezi: darasa la uhakiki, ambako tumewazoesha wanafunzi kuchambua dhamira na ujumbe mpaka wakaamini kwamba kazi isiyo na ujumbe wa kuorodheshwa haina thamani.

Faraghani watu hawazungumzi hivyo. Mimi mwenyewe nilipoitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka katika riwaya ya Adam Shafi, sikujifunza jambo jipya kuhusu ukoloni, wala sikuona nimepungukiwa. Kilichonishika kilikuwa mwanga hafifu wa Mji Mkongwe na Kiswahili cha Unguja kilichoachwa kiende kwa mwendo wake. Hadithi, kwa maoni yangu, imepungua ikilinganishwa na riwaya. Ningeisifu kwa mtu ye yote, na nisingeweza kumtajia funzo lake.

Sauti zilizopandikizwa

Tangu mwaka 2011, Televisheni ya Taifa ya Tanzania ilipoonyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, uingizaji wa sauti umekuwa kazi ya mikataba na studio. Rais Xi Jinping aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye Azam TV ikaleta tamthilia ya Kituruki kuhusu Sultani Suleiman. Hizi ni kazi nzuri kwa ajira na kwa heshima ya lugha. Ugomvi wa mkamwana na mama mkwe haukuhitaji maelezo kwa mtu wa pwani, na kwa Sultani nilikuwa nikiacha kusahihisha mitihani.

Lakini tazama kilichotoweka. Sauti ya studio inakaa kinywani mwa mhusika. Haikai kando ya mtazamaji. Haina eti. Mhusika hawezi kusema kwamba tukio lake mwenyewe haliaminiki. Kiswahili kinachotoka ni sanifu, safi, na mara nyingi kinafanana kwa mfalme na kwa mtumwa. Tukihesabu mafanikio ya Kiswahili katika filamu kwa saa za sauti zilizoingizwa peke yake, tutakuwa tumehesabu kile ambacho lugha imebeba kwa ajili ya wengine, na kuacha kile ambacho wenye lugha wamesema.

Kinachooza

Kisheria, msimulizi wa kibandani yuko upande mbaya. Ametumia kazi ya mwingine bila idhini, na wenye haki wana sababu ya kulalamika, wakiwamo watengenezaji wetu wenyewe ambao filamu zao huibiwa katika maduka yaleyale. Sipendekezi kazi hiyo ihalalishwe kwa mlango wa nyuma. Ninapendekeza jambo dogo zaidi: nchi wanachama ziweke katika sheria zao za hakimiliki ruhusa ya wazi kwa nyaraka za taifa, maktaba za vyuo vikuu na mabaraza ya lugha kupokea nakala za masimulizi haya kwa ajili ya utafiti, bila kuzionyesha wala kuziuza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuandaa kanuni moja ya uorodheshaji, ili nakala iliyopokelewa Kigali isomeke Zanzibar.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni la hadhi: kwamba fedha haba za utafiti zisitumike kuhifadhi vichekesho vya mtaani wakati miswada ya kale ya utenzi inaliwa na mchwa. Ninawajali mchwa hao. Lakini mswada uliodumu miaka 150 una nafasi ya kumsubiri mtafiti; mkanda wa VHS wa mwaka 1995, uliowekwa kwenye sanduku la bati katika mji wa pwani, unaota ukungu, na mashine za kuuchezea zinazidi kuadimika. Diski zilizofuata zimechakaa hata haraka zaidi, kwa kuwa zilikodishwa kila siku.

Kazi ya kwanza haihitaji mitambo. Mikanda mingi haina tarehe, na jina la filamu lililoandikwa juu yake kwa kalamu mara nyingi ni lile alilolitunga msimulizi, wala si la mtengenezaji. Wanaoweza kusema ni sauti ya nani, ilirekodiwa wapi, na ilikodishwa katika mwaka upi, ni wenye maduka na wateja wa wakati ule. Wengi wao wako hai. Mtafiti msaidizi mmoja katika kila mji, mwenye daftari na kinasa sauti, angeanza nao mwezi ujao.